Hamsini Bila Desimali

Wiki iliyopita nilimpeleka Baba kliniki moja hapa Kitale, na tulipokuwa tukingoja kuitwa nikasikia mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Krrr, krrr, kimya kidogo, kisha krrr tena. Nyuma ya kioo cha mapokezi kulikuwa na printa ya zamani, ile ya utepe wa wino, ikitoa karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Harufu ilinifikia kabla sijaiona vizuri: wino, vumbi lililopata moto, na kitu kama nywele zilizoungua. Nikakaa pale kwenye benchi, mwanamke mzima mwenye watoto wake, nikitafuna mdomo nisije nikalia mbele za watu.

"Hiyo kichwa imechoka," Baba akasema bila kugeuka. "Skiza vile inaruka."

Baba amezeeka na amekonda, miguu haimtii tena, lakini mpe printa mbovu na atakuambia inaumwa wapi. Nilimwambia ndiyo, imechoka. Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa nimeshaondoka pale kliniki, niko juu ya ngazi fulani karibu na soko, nina sare ya shule na soksi zimetoboka vidole.

Kama wewe ni wa rika langu unazikumbuka karatasi zile. Ulizirarua pembeni, ule ukanda wenye matundu, ukajifungia mkononi kama bangili. Sisi tulikuwa nazo nyingi kuliko nyumba nyingine yoyote mtaani kwa sababu Baba alikuwa na chuo cha kompyuta. Usisikie chuo ukafikiria lango na bustani. Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Ulipanda ngazi huku harufu ya dawa ya kupe ikikufuata, na juu kabisa ukakuta viatu vimepangwa mlangoni kama msikitini. Siku hizo kompyuta ilikuwa mgeni wa heshima; uliiendea kwa soksi, usije ukailetea vumbi. Kwa hiyo darasa zima lilinuka miguu. Baba alisema vumbi huua mashine, na kwa kuwa nilikuwa nimesikia pia habari za virusi, niliamini kompyuta zetu zina kifua dhaifu na ndiyo sababu Mama amezifumia vifuniko. Vilikuwa vya uzi mweupe wenye maua pembeni, kama alivyoyafumia makochi. Kila jioni Baba alizifunika mashine moja moja kabla ya kufunga mlango, taratibu, kama mtu anayelaza watoto.

Nilikuwa nikipitia huko kila siku nikitoka shule kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu. Mama alikuwa amepelekwa kwa mama yake, Kukhu, kule Kabuchai. Koo lake lilikuwa linafunga. Ndivyo nilivyoambiwa: koo linafunga. Kwanza lilimkataza ugali, kisha wali, kisha ndizi za kupondwa, mpaka akabaki mtu wa uji na chai. Kukhu alikuwa na nafasi ya kumwangalia mchana kutwa, na kutoka kwake hospitali ya Bungoma haikuwa mbali. Mimi nilidhani koo ni kama bomba la sinki, likiziba fundi anazibua na maji yanapita. Sikuona kwa nini watu wazima wanashusha sauti nikiingia.

Darasa la wanaoanza lilikuwa la alasiri, na somo lililowatesa zaidi halikuwa la hesabu. Lilikuwa la kupanga majibu yaonekane vizuri kwenye karatasi. Mtu anaandika programu yake, inapiga hesabu sawasawa, kisha inatapika majibu yote kwenye mstari mmoja, jina limeshikana na namba, namba imeshikana na jina la mwingine. "Mashine haijui kupumua," Baba alikuwa akisema. "Hujaiambia ishuke mstari, haishuki. Hujaiambia iache nafasi, haiachi. Usiilaumu." Kisha aliwafundisha kutengea kila safu nafasi yake, majina yakiegemea kushoto, namba zikiegemea kulia, pointi ikikaa chini ya pointi. Hapo pa pointi ndipo nilipopenda. Nilifumba jicho moja nikazitazama zikishuka zimenyooka, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba.

Halafu kulikuwa na desimali. Kwenye amri ya kuprinti kulikuwa na mahali pa kusema unataka desimali ngapi. Ukiandika mbili, zinatoka mbili. Ukiandika sifuri, hazitoki kabisa, na namba inasogezwa hadi namba nzima iliyo karibu. Hapo Baba aligonga ubao kwa kalamu, kila darasa, kila mwaka, maneno yaleyale: "Tunapanga kinachoonekana tu. Ndani, namba iko vile ilivyo." Mwanafunzi aliyeandika kwenye mtihani kwamba namba imebadilika alipewa sifuri bila huruma. Mimi niliyajua maneno hayo kwa kichwa. Niliyaimba nikiruka kamba. Lakini mtoto anaweza kulijua neno miaka na miaka bila kulisikia hata siku moja.

Rafiki yangu darasani alikuwa Mama Rehema, mwanamke aliyekaa nyuma ya msikiti na kuja kusoma ili apate kazi ya kuandikisha watoto wachanga kliniki. Baba alimpa zoezi la kazi hiyohiyo: majina ya watoto upande huu, kilo zao upande ule. Aligonga kibodi kwa kidole kimoja huku akiongea nayo. "Haya wewe, kubali basi, nimekukosea nini?" Mimi nikimcheka, ananigeukia: "Cheka tu. Ngoja siku utaolewa na moja ya hizi." Alikuwa na njugu mfukoni kila siku, na tulizitafuna kwa siri kwa sababu chakula nacho kilikuwa marufuku.

Kila Jumamosi, mimi na Baba tulienda Kabuchai. Tulishuka Chwele, tukanunua maziwa na ndizi zilizoiva sana, tukatembea. Na hapa lazima niseme jambo ambalo watoto wangu hawalielewi hata nikiwaeleza mara ngapi. Baba hakuwa akiingia ndani. Kukhu alikuwa mama mkwe wake, na kwetu mkwe haingii nyumba ya mama mkwe, hamshiki mkono, hamtazami usoni. Akifika langoni alikohoa kwa nguvu, na Kukhu kama yuko uani alikusanya leso yake akapotelea nyuma ya nyumba. Baba aliwekewa kiti kando ya ghala la mahindi. Chai ilimfikia kupitia mikono yangu. "Mwambie baba yako chai iko tayali," Kukhu alininong'oneza jikoni, na Baba yuko karibu kiasi cha kumsikia akinong'ona. Hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake. Walikuwa wanaheshimiana, na heshima yenyewe ilikuwa hivyo.

Mwanzoni Mama alitoka nje mwenyewe, akakaa naye pale ghalani wakaongea. Baadaye akawa hawezi kutoka. Basi Baba akakaa nje na Mama akalala ndani, ukuta wa udongo katikati yao, na mimi nikawa njia.

"Muulize amekunywa uji."

"Mwambie nimekunywa."

"Muulize ni wa leo ama wa jana."

"Mwambie aache maswali, mimi si mwanafunzi wake!"

Hilo la mwisho nilipompelekea, Baba alicheka mpaka akafuta macho. Kicheko kiliisha na yeye akaendelea kufuta.

Kila Ijumaa walimpeleka Mama hospitali Bungoma, wakampima kwenye mizani yenye namba nyekundu. Na mimi kila Jumamosi nilimuuliza swali moja tu, atarudi lini Kitale. Kukhu alinikemea, "We mutoto, wacha mama yako apumue." Nikanyamaza kidogo, nikauliza tena. Nilitaka arudi. Nilitaka kumkuta jikoni nikitoka shule, nilitaka anisuke nywele, kwa sababu Baba alikuwa amenisuka mara moja na darasa zima likacheka. Siku moja Mama akanivuta karibu na mdomo wake. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya dawa na maziwa yaliyoganda.

"Nikifika kilo hamsini," akasema, "narudi nyumbani."

"Sasa uko ngapi?"

"Arobaini na tisa pointi sita."

Mpaka leo sijui kama daktari alisema hivyo kweli, ama Mama aliitoa tu hewani ili nimwache apumzike. Nilichojua ni kwamba kitu kidogo sana, kitu kisichofika hata kilo moja, ndicho kinachomzuia mama yangu kulala kitandani kwake. Nilikimbia nje nikamwambia Baba. "Mm," akasema, akatazama ndani ya kikombe. "Ni vizuri hiyo."

Jumatatu nilimngoja Mama Rehema atoke kwenda kuswali, nikakaa kwenye mashine yake. Programu yake ilikuwa wazi. Nilifuta majina ya watoto, nikaandika jina la Mama, na mbele yake kilo zake. Nilitenga nafasi kama nilivyoona wakubwa wakifanya, jina kushoto, namba kulia. Kisha pale pa desimali nikafuta moja nikaweka sifuri. Nikabonyeza. Printa ikaamka, krrr, krrr, ikatoa mstari mmoja. Jina la mama yangu, nafasi nzuri katikati, na hamsini.

Furaha ile siwezi kuieleza. Na msidhani nilikuwa mjinga. Nilijua kilo ni za mwili na mwili unapimwa kwa mizani. Lakini pia nilikuwa nimesikia, kutoka kwa kila mtu aliyepanda zile ngazi, kwamba kompyuta haidanganyi. Baba mwenyewe aliwaambia hivyo wazazi walioleta vijana wao: kompyuta haidanganyi, mzee. Kwa hiyo kama mizani imesema karibu hamsini na kompyuta imesema hamsini, basi mizani ndiyo iliyoishia njiani na kompyuta imemalizia.

Mama Rehema aliporudi alinikuta nimeishika karatasi kwa mikono miwili.

"Ni nini hiyo?"

"Mama amefika hamsini."

Akaisoma. Akatazama skrini yake, akaona nilichofuta na nilichoweka. Yeye ndiye aliyepewa sifuri mwaka huo kwa swali lilelile, kwa hiyo alijua vizuri kuliko wote anachokiona. Akamtazama Baba kule mbele, amempa darasa mgongo, anaandika ubaoni. "Mashallah," akasema polepole. "Umepanga vizuri." Kisha akanionyesha jinsi ya kurarua pembeni pale penye matundu ili karatasi isipasuke. Siku hiyo alinipa njugu zote.

Baba aliiona jioni, wakati wa kufunika mashine. Aliipeleka karibu na dirisha. Nilimngoja aseme nimepanga vizuri. Alifungua mdomo, na nikaona kabisa maneno yake ya ubaoni yakija, kisha akaikunja akanirudishia. "Usiiloweshe," akasema. Akaendelea kufunika.

Jumamosi nilimpa Mama mwenyewe mkononi. Alikaa nayo muda, kidole kikipita juu ya namba, kikirudi, kikipita tena.

"Umenifikisha," akasema.

"Ulikuwa umebakisha kidogo tu," nikamwambia. Nilijisikia mkubwa.

Kukhu alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua kusoma, akauliza karatasi inasema nini. Mama akamweleza kwa Kibukusu, sauti yake ndogo ikikwama hapa na pale. Kukhu akatoka haraka, na baadaye kidogo nikamsikia nyuma ya jikoni akipasua kuni, zilezile nilizokuwa nimemwona akizipasua asubuhi. Mama aliiweka karatasi chini ya mto. Mimi nikaenda kukaa na Baba ghalani, nikamwambia tujitayarishe.

Haikuchukua muda. Siku moja ya shule Baba alikuja darasani kwetu akaniombea ruhusa. Nje kulikuwa na gari la jirani, viti vya nyuma vimelazwa, godoro limetandikwa juu yake. "Tunaenda kumleta Mama," akasema. Nilipiga kelele hadi wenzangu wakachungulia dirishani. Baba, ambaye hakupenda kelele, hakunikataza.

Tulipofika Kabuchai sikumsikia akikohoa langoni. Alipita moja kwa moja. Akakipita kiti chake kando ya ghala, akafika mlangoni kwa Kukhu, akavua viatu kama anavyofanya darasani, akaingia.

Nilibaki nimeduwaa uani. Kisha nikakimbia nikachungulia. Kukhu alikuwa ndani, na hakutoka. Hakujifunika uso. Alikuwa ameinama upande mmoja wa kitanda akimfunga Mama blanketi, na Baba akainama upande wa pili, wakamwinua pamoja, mikono yao ikigusana chini ya mgongo wake. "Mshike kichwa," Kukhu akasema. Alimwambia yeye, uso kwa uso, bila kupitia kwangu. Maisha yangu yote sikuwahi kuwasikia wakisemezana. Baba akajibu, "Nimeshika, mama."

Mimi nikacheka kwa sauti. Nilidhani ni furaha. Nilidhani habari ya Mama kurudi nyumbani imewapendeza hadi wamesahau adabu, na nikajua kabisa ni nani aliyewaletea habari hiyo.

Kukhu alitufuata hadi garini na chupa ya uji. Akarudi ndani, akaja na leso, akarudi tena, akaja mikono mitupu. Gari lilipoanza kuondoka aliketi chini palepale barabarani, kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele. Nilimpungia mkono. Nilifikiri amechoka kwa kazi ya kumwangalia Mama, na sasa atapumzika.

Baba alikaa nyuma, kichwa cha Mama kwenye mapaja yake, mimi nimejibana miguuni. Jirani aliendesha polepole kwa ajili ya mashimo. Tulipopita Kamukuywa nikashindwa kujizuia.

"Baba, si ni kwa sababu alifika hamsini?"

Akanitazama. Nilimjua, ile ilikuwa sura yake ya ubaoni, kichwa kikiinuka, kidole kikijiandaa kugonga. "Nekesa," akaanza, "ile namba..."

Mkono wa Mama ukatoka kwenye blanketi ukamshika kiwiko. Ulikuwa umekonda hivi kwamba bangili iliteremka mpaka kwenye kiwiko chake mwenyewe. Haukumvuta, ulimshika tu. Baba akakishusha kidole. Mahindi ya watu yakapita dirishani, na mkono ule haukuondoka.

"Ndiyo," akaniambia. "Alifika."

Nilidhani Mama alitaka maji. Nikampa chupa.

Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nikaelewa kitu ambacho kila mtu mzima wa Kabuchai alikijua siku ile. Kwetu, mwanamke aliyeolewa haachwi afie kwa mama yake. Ikifika mwisho, mume anaitwa aje amchukue, afie kwake, azikwe kwake. Na aliyemwita Baba alikuwa Kukhu mwenyewe. Mzazi alituma watu waende wamwambie mkwewe njoo, umchukue mtoto wangu, mimi nimefika mwisho wa kumlea. Hivyo ndivyo Mama alivyorudi nyumbani. Na ndiyo maana Baba aliingia, na ndiyo maana Kukhu hakukimbia. Ya heshima yalikuwa yamewaishia, walibaki watu wawili wenye mgonjwa mmoja.

Mama alilala kitandani kwake kama alivyoahidi. Mama Rehema alikuja kila asubuhi na mchuzi wa kuku uliochujwa, akamnywesha kwa kijiko cha mtoto, akimwambia, "Kidogo tu dada, kwa ajili yangu, nimetembea kutoka msikitini." Mimi nikitoka shule nilikaa kando yake nikamsomea vitabu vyangu vyote hata vya hesabu. Alikufa mchana, niko darasani, mvua inanyesha. Tulimzika nyuma ya nyumba upande wa mahindi. Watu walinishika kichwa wakaniambia mama amepumzika. Sikulia. Nilikuwa na hasira, hasira ya kuuma meno, na nilikuwa na swali ambalo hakuna aliyeniuliza kama ninalo: mtu aliyefika hamsini anakufaje?

Matanga yakaisha, watu wakaenda kwao, Baba akafungua chuo. Wanafunzi walivua viatu kimya kimya. Zile kompyuta zilikuwa bado zimefunikwa kwa kazi ya mikono ya Mama, na nilimwona Baba akisimama mbele ya kila moja kabla ya kuifunua.

Na somo, kwa bahati mbaya, lilikuwa limerudi tena kwenye desimali. Baba aliandika amri ubaoni, akageuka.

"Tunapanga kinachoonekana tu," akasema. Akasimama. Darasa likangoja. Chini dukani mtu alikuwa akiuliza dawa ya minyoo ya mbuzi.

"Ndani," Baba akasema, akasimama tena. Mdomo ulikuwa ukitafuta neno ambalo alikuwa amelisema maisha yake yote ya kazi.

Mama Rehema aliinuka kwa soksi zake, akaenda mbele, akamtoa kalamu mkononi. "Ndani, namba iko vile ilivyo," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Tumeelewa, Mwalimu. Kaa kidogo."

Hapo ndipo niliposikia. Maneno niliyoyarukia kamba yaliniingia kwa mara ya kwanza, yote kwa pamoja. Nilienda kwenye mashine ya Mama Rehema. Programu yangu ilikuwa bado imo. Pale pa sifuri nikaandika moja, nikabonyeza. Arobaini na tisa pointi sita. Ilikuwa nayo siku zote. Wakati Mama anapitisha kidole juu ya hamsini, wakati mimi nacheka mlangoni kwa Kukhu, mashine ilikuwa imekaa hapa chini ya kitambaa chake na arobaini na tisa pointi sita ndani. Haikunidanganya. Niliiambia inionyeshe hamsini, ikanionyesha.

Sikuweza kuacha. Nikaandika mbili, ikaongeza sifuri nyuma. Tatu, sifuri nyingine. Niliendelea kuongeza kama mtu anayekwaruza kidonda, mpaka namba ikabadilika usoni mwangu: arobaini na tisa pointi tano, tisa, tisa, tisa, tisa, nane. Leo najua sababu, mashine huzihifadhi desimali nyingi kwa kuzikaribia tu. Siku ile sikujua. Nilichoona ni kwamba hata ile sita Mama hakuwa ameifika. Nikachukua kitambaa chake nikaifunika mashine ikiwa bado inawaka, nikaweka kichwa juu yake, nikalia, na kwa mara ya kwanza pale ndani hakuna aliyesema habari ya vumbi wala ya maji.

Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha wanaoanza. Lugha ni nyingine, alama za kuandika ni nyingine, hakuna anayevua viatu. Lakini swali ni lilelile, na kila mwaka kuna kijana atakayeniambia namba imebadilika. Simpi sifuri. Namwambia aongeze desimali mwenyewe, moja moja, halafu natoka nje kidogo.

Pale kliniki tuliitwa. Nesi akampandisha Baba kwenye mizani, mimi nikamshikilia mgongo, kisha kule mapokezi printa ikalia na nikapewa kipande cha karatasi. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akijaza mlango wa darasa. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo, kwa hiyo aliendelea kufunga mkanda pale kwenye benchi, kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari.

"Ngapi?"

"Hamsini na tano, Baba."

"Mm. Na mara ile?"

"Ni karibu tu hapo hapo."

Mikono yake ikaacha mkanda. Akaisikiliza printa ikimwandikia mtu mwingine.

"Nekesa," akasema. "Wewe ni mwalimu. Soma na desimali."

Nilitazama kando yangu. Sijui nilitafuta nani. Labda mtu wa kunishika kiwiko. Hakukuwa na mtu ila nesi, na nesi alikuwa akiita jina linalofuata.

"Hamsini na nne pointi sita," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anaposahihisha mtihani na kukuta jibu ni sawa. Kisha akanipa mkono nimwinue.

"Haya," akasema. "Nirudishe nyumbani."